Kifuniko cha Mtungi

Wahenga hawakukosea waliposema tembea uone. Mimi nilitembea, nikaona, na nikajuta pia.

Mama ni mwalimu wa historia. Kwa miaka mingi amekuwa akichora ramani ya Koobi Fora ubaoni, akiwaeleza wanafunzi jinsi Bernard Ngeneo alivyogundua huko, mwaka wa 1972, fuvu la mtu wa kale lenye umri wa karibu miaka milioni 2. Lakini Koobi Fora yenyewe hakuwa ameiona. Basi likizo moja ya Agosti, baada ya kuweka akiba pole pole kutokana na pesa za majani chai, Baba alimwambia, "Mwalimu, mwaka huu utaiona kwa macho yako."

Tulitoka Othaya alfajiri, baridi ikituuma kama siafu. Tulikuwa watano: Baba, Mama, dada yangu mdogo, mimi na mjomba mwenye gari. Tukapita Nyeri, Nanyuki na Isiolo, tukalala Marsabit, mji ulio mlimani wenye msitu na ukungu kama kwetu. Kesho yake tukateremka hadi jangwa la Chalbi. Lo! Ardhi tambarare, nyeupe kwa chumvi, bila mti wala nyasi. Mbele yetu maji yalimetameta, kumbe ni mazigazi matupu!

Tulilala Kalacha, ambako kuna chemchemi. Asubuhi Baba alinipa kazi moja tu: kujaza mitungi mitatu ya lita 20 na kuifunga barabara. Nikaijaza. Lakini ngamia walikuwa wakinywa maji hapo karibu, nami sikuwa nimewahi kuwaona ana kwa ana. Vifuniko nikavizungusha mara moja, nikatimua mbio kuwatazama. Kwani maji yakimwagika shida iko wapi? Kwetu mto Gura upo, na mvua ya kesho iko njiani.

Tulipita North Horr, gari likirukaruka juu ya mawe siku nzima. Jioni tukaingia mbuga ya Sibiloi, iliyotengwa mwaka wa 1973 kando ya Ziwa Turkana. Tulipokuwa tukipiga hema, Baba alipanda kwenye keria. Akanyamaza. Mitungi miwili ilikuwa mitupu, na wa tatu ulikuwa nusu.

"Nani alifunga hii?"

Ulimi wangu ukawa mzito kama nanga. Ziwa lilikuwa huko mbele, kubwa ajabu, lakini maji yake yana magadi, na mamba ni wengi. Tulibaki na lita 10 za watu watano na gari. Kila mmoja alipata kikombe kimoja. Usiku dada alilia akitaka maji. Nilimsikia Mama akimpa kikombe chake. Nikajifanya nimelala.

Kulipokucha Baba alikata shauri: tunarudi. Askari wa wanyamapori walitugawia maji ya njiani, lakini hatungeweza kuwategemea kwa siku tatu. Kabla ya kuondoka tulifika palipo na miti ya mawe. Ndiyo, magogo mazima yaliyogeuka mawe! Mama aliligusa moja taratibu. "Hapa palikuwa na msitu na mito," alisema. "Mamilioni ya miaka iliyopita pangeweza kuwa Othaya." Kisha akatazama kaskazini, iliko Koobi Fora, akapanda gari. Hakunigombeza hata kidogo. Laiti angenichapa!

Njiani niliwaza: ikiwa mito iliweza kuondoka Sibiloi, je, Gura ina mkataba gani nasi? Sisi wa milimani huona maji kama haki ya kuzaliwa. Tunaacha mifereji wazi, tunakata miti kingoni mwa mito, tunasema mvua itakuja.

Wenzangu, mkiniona nikizunguka bwenini usiku nikifunga mifereji, msinicheke ati nimekuwa askari. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu wangu nimeshamwona. Kila wiki ninaweka shilingi chache kwenye mkebe chini ya kitanda changu. Siku moja nitampeleka Mama hadi Koobi Fora, na mitungi nitaifunga mwenyewe.