Rangi ya Punda

Jumamosi, 7 Juni

Fundi wa rangi alikuja na kikombe cha chai mkononi na hukumu mfukoni. "Kaka, hii ni Massey. Massey ni nyekundu. Lete lita nne tumalize." Nusura nikubali. Trekta la Babu nalijua jekundu tangu sina meno, ingawa wekundu wenyewe ni wa tofali lililochuja, na hapa Karatu vumbi nalo ni jekundu, hujui rangi inaishia wapi na udongo unaanzia wapi.

Kilichonizuia ni nozeli. Tulipolaza boneti mbele nikazihesabu: nne. Zile Massey Ferguson 35 tulizozoea zina Perkins ya silinda tatu, na hiyo ilianza kufungwa mwishoni mwa 1959. Dizeli ya silinda nne ni injini ya Standard, iliyojulikana kwa kugoma asubuhi za baridi. Kumbe ndiyo maana Babu alikuwa akiliegesha mteremkoni kila jioni! Miaka yote nimedhani ni mazoea tu ya mzee.

Jumatano, 11 Juni

Nimekesha na historia. Harry Ferguson alipenda kijivu. TE20 zake, zaidi ya nusu milioni zilizotoka kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry kati ya 1946 na 1956, zilikuwa kijivu kuanzia pua hadi mkia. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, watu wa nyekundu, lakini rangi hazikuungana siku hiyo. Model 35 ilipotoka Coventry mwaka 1956 ilikuwa bado na boneti ya kijivu, na chini yake injini, gia boksi na difu vimepakwa shaba. Nyekundu ilikuja mwishoni mwa 1957. Kwa hiyo pana kidirisha cha mwaka mmoja na ushee tu, na huenda trekta letu limo humo.

Jumapili, 15 Juni

Msasa namba 600, maji na sabuni. Sikusugua pakavu hata kidogo, maana rangi za zamani zina risasi na vumbi lake si la kuvuta. Nilisugua duara dogo kama sarafu mpaka tabaka zikajitokeza pete kwa pete: nyekundu, kisha utando wa udongo (Babu hakuliosha kabla ya kupaka!), kisha kijivu.

Kijivu cha kwenye boneti hakiaminiki. Jua limekipausha na mafuta yamekipa unjano. Nikafungua kile kibati cha namba kwenye dashibodi. Chini yake, mahali ambapo jua halijafika tangu kiwandani, kipo kijivu chepesi, safi. Halafu nikakwangua girisi iliyoganda ubavuni mwa gia boksi, unene wa kidole. Shaba! Inameta. Uchafu wa miaka sitini umeitunza kuliko sisi.

Jioni nikamuuliza Bibi lilikuja na rangi gani. Akanitazama kama niliyeuliza maziwa yana rangi gani. "Si tuliliita Punda?"

"Nilidhani ni kwa sababu ya kubeba mizigo, Bibi."

"Mizigo hata babu yako alibeba. Lilikuwa rangi ya punda. Majirani walipoanza kununua yale mapya mekundu, babu yako akaona aibu. Akachukua rangi iliyobaki kwenye mlango wa ghala, na brashi."

Rangi ya mlango! Basi nyekundu halisi ya Massey, ile anayoing'ang'ania fundi, haijawahi kugusa trekta hili. Ningeipaka, nisingekuwa nimefuata kiwanda wala Babu.

Jumamosi, 5 Julai

Arusha, duka la rangi za magari. Nimebeba kipande cha dashibodi kwenye kanga. Mashine ilisoma kijivu na kutoa hesabu yake. Chini ya taa za duka ikafanana kabisa, nikatoka nayo juani ikawa na ukijani. Tumechanganya mara tatu. Muuzaji amenichoka, na ana haki. Shaba mashine haikuiweza, ile chengachenga inayumbisha usomaji. Tuliipata kwa jicho, tone kwa tone.

Jumapili, 20 Julai

Tumepuliza alfajiri kabla upepo haujaamka, sakafu imelowanishwa kuzuia vumbi. Fundi alitaka kuziba kila bomba na boliti kwa karatasi ili shaba ipendeze. Nikamwonyesha mabaki: kiwandani walipuliza kila kitu kwa pamoja, hata boliti. Akaguna, akaona ni uvivu wa wazungu, lakini akafuata.

Mjomba amekuja, amelizunguka mara mbili, hajasema neno. Kwake trekta la baba yake ni jekundu, na ndilo lililomfundisha kulima. Sina hoja ya kumshinda kwa hilo, wala sitaki kuwa nayo.

Nikamwita ainame. Ndani ya digadi la kushoto sijagusa. Nyekundu ya mlango ipo vilevile, imetiririka, na katikati yake umenasa unywele mmoja wa brashi.

Amechuchumaa pale mpaka chai ikapoa.