Yeye na Majedwali, Mimi na Ramani

Mume wangu akinunua kitabu cha mchezo, anaruka moja kwa moja kwenye majedwali. Mimi nafungua ramani. Mpenzi msomaji, unaweza kudhani hilo si jambo la kuleta maneno ndani ya nyumba, lakini we acha tu!

Nazungumzia michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anasema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake, na penye shaka dadu inaamua. Sisi tunaishi Minnesota, Marekani, na huku mchezo huu una mizizi. Dungeons & Dragons, iliyotoka mwaka 1974, ilitungwa na Gary Gygax wa Wisconsin, jimbo jirani, pamoja na Dave Arneson wa hapa hapa Minnesota. Wafanyakazi wenzake mume wangu ndio waliotuvuta. Kila Alhamisi tunakaa watano mezani, na kwa wanandoa wanaofanya kazi zamu tofauti kama sisi, ndio usiku pekee wa wiki tunaokuwa wote macho kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuchagua mchezo kwetu si utani.

Mimi napenda dunia ya mchezo. Nipe mji wenye bandari, miungu inayogombana na koo zenye visasi, tayari nimeshavaa viatu. Forgotten Realms, kwa mfano, Ed Greenwood wa Kanada alianza kuibuni akiwa mtoto, kabla hata Dungeons & Dragons haijakuwepo. Ndiyo maana inaonekana kama mahali palipokaliwa na watu, si palipochorwa kwa rula. Mwaka 2008 kanuni za mchezo zilipobadilishwa, dunia ile ikasukumwa mbele karibu miaka 100 na mungu wa kike wa uchawi akauawa, ili mambo yaendane na kanuni mpya. Nilipokuja kuyasoma hayo nilinuna kama nimefiwa na jirani. Yaani watu wote niliowazoea wamekuwa makaburi kwa sababu ya majedwali?

Yeye anapenda kanuni. Ni mhasibu, mtamsamehe. Ndoto yake ni GURPS ya mwaka 1986, kanuni zinazofaa dunia yoyote ile, ambayo mimi naiona kama nyumba mpya isiyo na hata kitanda. Lakini sababu yake ina uzito. Mezani kwetu kuna wenye sauti kubwa na Kiingereza cha kuzaliwa nacho, na pasipo kanuni, wao ndio wanaoshinda kila hoja. Dadu, anasema, haijali lafudhi.

Tukakubaliana kucheza Pendragon ya Greg Stafford, iliyotoka mwaka 1985, inayohusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Mimi nikapata ngome na misitu, yeye akapata namba. Humo hata moyo una alama: upendo kwa familia, utii kwa bwana wako, chuki. Jambo zito likitokea unarusha dadu yenye nyuso 20. Ikitoa namba isiyozidi alama zako, unapata nguvu ya ziada, ukishindwa, huzuni inakukumba. Kila majira ya baridi mhusika anazeeka mwaka mmoja, anaweza kuoa, kupata mtoto, na mchezaji anachagua kitu kimoja cha kuongeza.

Sasa, baba mkwe wangu alifariki Muheza miaka minne iliyopita. Makaratasi ya mume wangu yalikuwa hayajakamilika, akafuatilia mazishi kwa simu. Tangu siku ile hakuwahi kuniongelea. Nilimuuliza, nilimbembeleza, nilimpikia mpaka kisamvu cha nazi. Kimya.

Baridi tatu za mchezo zikapita. Kila mara aliongeza upendo kwa familia, 15 hadi 18, upanga ukabaki pale pale. Jamaa mmoja akamuuliza mbona haongezi upanga, si atauawa? Akajibu bila kuinua macho kwamba mzee wa huyu bwana yuko mbali, siku moja ataitwa, na akiitwa hataki dadu imkatalie.

Usiku ule tulikaa kwenye gari nje ya nyumba mpaka vioo vikashika barafu, akinisimulia mazishi aliyoyaona kwenye simu, mwanzo hadi mwisho.

Ningemtafutia dunia nzuri namna gani, sidhani kama angeyasema. Alihitaji namba ya kujificha nyuma yake. Ila namba hiyo bila mzee, ngome na baridi yake ingekuwa namba tu, na hilo nimemwambia, akabisha, nikambishia.

Mwezi ujao zamu ya kuchagua ni yangu. Nimetaja Tékumel, dunia ya M.A.R. Barker, mtaalamu wa lugha aliyefundisha Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyochapishwa kama mchezo mwaka 1975. Ina lugha zake na hati zake za kuandikia, raha tupu! Bwana mkubwa ameshaniuliza mara mbili kama nina hakika na zile kanuni.