Shamba la Mjomba, Lionja

Baada ya maziko ya mjomba, kijana wa dada yangu aliyekulia Dar es Salaam aliniuliza, "Mjomba, lile pori la Lionja tukiliuza tutapata ngapi?" Pori! Shamba lililomsomesha mama yake.

Mikorosho ile ilipandwa na kaka wa bibi yetu, aliyekuwa kibarua kwenye mpango wa karanga wa Waingereza, Nachingwea. Mama alisema ilikuwa 1951, mpango ulipokufa. Mjomba alidai ni baadaye. Haidhuru. Nilipopata akili niliikuta inazaa.

Oktoba shamba zima lilinuka mabibo. Yalilala chini mekundu na manjano, nyuki wakiyagombania, wanawake wakikamua uraka. Mjomba hakuruhusu mtoto achume: korosho iliyokomaa huanguka yenyewe, tukaiokota. Jioni tulizikaanga juu ya bati. Maganda yalitema mafuta yanayowaka, moshi ukawasha macho, nasi tukapaka majivu mikononi kabla ya kubangua, maana mafuta yale huchubua ngozi.

Operesheni Vijiji ikatuhamishia barabarani, shamba likawa safari. Nyasi zikapanda, moto ukapita. Nchi iliyovuna takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 ilishuka chini ya tani 20,000 miaka ya 1980 ilipokuwa ukingoni. Ugonjwa wa ubwiriunga nao ukaingia, maua yakavaa unga mweupe kisha yakakauka. Wengi waliacha mikorosho ife. Mjomba alikwenda kuipulizia salfa alfajiri, umande ungali majanini ili ishike, kitambaa kimefungwa puani. Alirudi na unga wa manjano hadi kwenye kope. Shangazi alifua nguo zile mara mbili, na bado nyumba ilinuka salfa hadi mavuno.

Kisha yakaja mauzo ya stakabadhi ghalani, minada, wanajeshi waliotumwa kununua korosho 2018, kilimo cha ufuta, ng'ombe wa wafugaji kutoka mbali. Bei ilipopanda, simu za ndugu ziliongezeka. Inaniudhi hadi leo: msimu wa mnada kila mtu alikuwa wa ukoo, msimu wa palizi mzee alikuwa peke yake na wanawe wawili. Mwaka mmoja ndugu mmoja aliuza magunia kwa kangomba, walanguzi wa kinyemela, kabla ya mnada, na mzee akabaki na deni la salfa.

Kwa mila yetu Wamwera, mpwa hurithi kwa mjomba. Kijana huyu anayeuliza bei anayo haki kupitia mama yake. Lakini wana wa marehemu ndio waliolima, na mila isiyowaona itaua shamba kwa kesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kushikwa kwa pamoja. Nitakiambia kikao cha ukoo tuandike majina ya wana na ya wapwa kwenye hati moja, shamba lisiuzwe, na mapato yagawanywe kwa kazi. Kijana nimemwambia aje Juni, mikorosho inapoanza kutoa maua. Asiyefika kupulizia asidai fedha za mnada.