Baiskeli ya mlimani: Usihesabu gia, hesabu meno

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita zipatazo 33, na sehemu kubwa ni kupanda. Mombo iko chini, kwenye joto la barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Ukipita kona za Soni na kufika Lushoto mjini, umepanda takribani mita 1,000, na sweta unaitafuta. Hata reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905, haikuupanda mlima huu. Iliambaa chini yake na kuendelea hadi Moshi.

Kwa mgeni, Usambara ni mandhari: msitu wa Magamba, ukingo wa Irente, plamu na peasi zinazouzwa kando ya barabara. Kwa mtoto anayeishi huku, mlima ndiyo njia ya shule, ya dukani na ya kwenda kwa bibi. Ndiyo maana mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe baiskeli hukutana na swali ambalo mzazi wa Tanga mjini halimsumbui sana: iwe na gia ngapi?

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tazama visahani vyenye meno vinavyovutwa na mnyororo. Hesabu vya mbele, penye pedali, kisha vya nyuma, halafu zidisha. Vitatu mbele na sita nyuma ni gia 18. Vitatu mbele na saba nyuma ni gia 21, na hizi ndizo zinazoonekana sana kwenye baiskeli za mtumba. Zipo zilizotengenezwa na vitatu mbele na kumi nyuma, yaani gia 30, na hata 33. Zile tunazoziona zikibeba magunia na ndoo za maji zina gia moja tu.

Je, 30 ni bora kuliko 21? Si lazima. Chukua baiskeli ya gia 21 yenye meno 28, 38 na 48 mbele, na nyuma meno kuanzia 14 hadi 28. Meno 28 mbele na 14 nyuma yanazungusha gurudumu mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali. Meno 48 mbele na 24 nyuma yanafanya vilevile. Hizo zimehesabiwa gia mbili, lakini mguu unasikia moja. Nyingine nyingi hupishana kidogo sana. Tena mnyororo ukivutwa kutoka kisahani kikubwa cha mbele hadi kikubwa cha nyuma hupinda na kulika upesi, kwa hiyo gia hiyo ni ya kuepukwa.

Ndiyo sababu baiskeli nyingi mpya za mashindano ya milimani zimerudi kwenye kisahani kimoja tu mbele na 12 nyuma. Gia zimepungua, lakini nyepesi ni nyepesi zaidi.

Kinachompandisha mtoto mlima ni ile gia nyepesi kuliko zote. Tumia mfano uleule, kwa gurudumu la inchi 26. Katika gia nyepesi, meno 28 kwa 28, mzunguko mmoja wa pedali unasogeza baiskeli kama mita 2. Katika gia nzito, meno 48 kwa 14, unaisogeza kama mita 7. Sasa chukua baiskeli ya gia moja, gurudumu la inchi 28, meno 44 mbele na 18 nyuma: kila mzunguko ni zaidi ya mita 5. Tambarare ya Mombo hiyo ni raha. Kwenye mwinuko wa Soni, hata mtu mzima mwenye mzigo hushuka akakokota.

Na kukokota si aibu. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, lakini vifaa vya kuhamisha mnyororo viliruhusiwa mwaka 1937 tu. Kabla ya hapo, waendeshaji hodari walishuka chini ya mlima, wakachomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie meno ya upande wa pili.

Mzazi mwenzangu, tumezungumza kupanda. Lakini kinachoumiza watoto ni kushuka, na huko gia haisaidii. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inateleza yenyewe, na kinachobaki ni breki. Mvua za Usambara hulowanisha vyuma vya magurudumu, na breki za mpira hushika kwa shida. Njia za vijijini nazo hugeuka utelezi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fanya haya. Hakikisha mtoto akisimama katikati ya baiskeli nyayo zote mbili zinagusa chini. Bana breki moja moja huku ukiisukuma baiskeli: gurudumu lazima ligome. Tazama mipira ya breki kama imelika. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, pitisha gia zote. Mnyororo usiruke wala kuanguka. Mtoto mdogo sana, ambaye vidole vyake havijaweza kubadilisha gia bila kutazama chini, anatosheka na gia moja na breki nzuri.

Kisha mfundishe kuhamia gia nyepesi kabla mwinuko haujaanza, kwa sababu mnyororo uliokazwa na mlima hauhami vizuri. Na wakati wa kushuka, apunguze mwendo kabla ya kona kwa breki zote mbili, asisubiri akiwa ndani ya kona. Basi linaweza kuwa linapanda upande wa pili.

Muuzaji akikwambia, "Hii ina gia 21," mshukuru. Halafu muulize kisahani kidogo cha mbele kina meno mangapi, kikubwa cha nyuma kina mangapi, na kama breki zinashika. Majibu hayo matatu ndiyo yatakayompandisha mwanao hadi Magamba na kumrudisha nyumbani salama.