Feni, LUKU na joto la Pugu

Leo nina mada ndogo tu: feni. Najua kuna watakaosema mwandishi kaishiwa habari. Lakini anayelala Pugu mwezi Februari, chini ya bati lisilo na dari, hawezi kucheka.

Nyumba ninayopanga ina vyumba sita na LUKU moja, tunachanga kila wiki. Majuzi mchango ukapanda, kikao kikaitishwa uani, na mshtakiwa wa kwanza akawa feni. Jirani yangu ana mtoto wa miezi mitatu aliyejaa harara mwili mzima, kwa hiyo feni lake linalala likizunguka. Ikapendekezwa alizime saa nne usiku, la sivyo achange mara mbili. Dada wa watu akainamisha kichwa, hakusema kitu.

Nikaomba kalamu. Feni la kawaida la kusimama linakula kama wati 60. Kwa saa nane ni wati-saa 480, wakati yuniti moja ni 1,000. Yaani usiku mzima haifiki hata nusu yuniti, na mwezi mzima ni yuniti 14 na ushee. Sasa chukua hita ya kuchemshia maji ya kuoga, ile ya wati 2,000: usiku mzima wa feni, yenyewe inaumaliza kwa robo saa. Watu wakatazamana, maana mwenye hita ndiye aliyekuwa akiongea kuliko wote.

Tatizo la pili lilikuwa feni lenyewe. Mchana linapepea vizuri, ikifika saa mbili usiku linajivuta kama limechoka na maisha. Tukamwita fundi. Akalichomoa kwanza, akazungusha mapanga kwa mkono. Yakaenda mepesi, kwa hiyo bushi hazijakauka; zingekuwa nzito angesafisha na kutia matone ya oili ya cherehani. Akaeleza kwamba feni likivuma bila kuzunguka, kisha ukilisukuma kwa kijiti linaondoka, mara nyingi mgonjwa ni kapasita. Hiyo hununuliwa nyingine yenye namba zile zile. Na msiliache livume tu, mota itaungua.

Kisha akapima kwenye soketi: volti 165 badala ya 230. Feni halikuwa na kosa. Nyumba yetu iko mwisho wa laini, mbali na transfoma, na jioni kila mtu anawasha chake, basi umeme unatufikia umechoka. Mota ya feni haisamehe hilo. Nguvu yake hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwenye 165 inabaki karibu nusu tu.

Hapo ndipo ninapochoka. Mwalimu Nyerere alifundisha hapa Pugu hadi 1955. Bwawa lenye jina lake kule Rufiji lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Treni ya SGR inayopita stesheni ya Pugu inavutwa kwa umeme wa volti 25,000. Tunaisikia ikipita, huku feni la mtoto linahesabu mapanga yake moja moja. Kuzalisha umeme ni kazi moja, kuufikisha kwenye soketi ya mpangaji ni kazi nyingine kabisa.

Kuna na hili la LUKU ya pamoja. Bei nafuu ya mtumiaji mdogo wa nyumbani ni kwa asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi. Kila chumba chetu peke yake kingekaa humo bila shida. Lakini mita ni moja, haijui kama tuko familia sita. Inatuona tajiri mmoja. Kwa hiyo tunagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya feni la kichanga, wakati kinachotula ni mita moja.

Kikao kiliisha hivi: hita ichangiwe na mwenyewe, feni liachwe, na barua ya kuomba mita za kila chumba apelekewe mwenye nyumba. Nimeiandika mimi, wote tumesaini. Majibu bado.

Je, huko kwenu mnachangaje LUKU, kwa kichwa au kwa kifaa? Nipeni uzoefu.