Asali ya baba mdogo

Sukari ilikuwa adimu miaka ile. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, lakini hata mwaka 1984 foleni madukani zilianza alfajiri. Sisi Waha wa Kibondo tulikuwa na asali, na ndiyo iliyomweka hai baba mdogo.

Alikuwa akiamka usiku jasho linamtiririka, anaropoka, hamtambui hata mkewe. Wengine walisema mapepo, wengine kifafa. Mama mdogo hakubishana na mtu. Aliona tu kwamba hali ile humjia tumbo likiwa tupu, kabla hakujakucha au siku za kulima akichelewa kula. Akimlambisha asali, baada ya kitambo baba mdogo huuliza, "Mbona mmenizunguka?"

Mimi nilikuwa muuguzi Kasulu. Nikamwita, akaja kwa lori. Daktari alimlaza bila kula, na alipoanza kutetemeka akampima damu. Sukari ilikuwa chini mno. Akatundikiwa dripu ya glukosi, akazinduka. Allen Whipple, mpasuaji wa New York, alitaka mambo hayo matatu tangu miaka ya 1930: dalili zinazomjia mtu akiwa hajala, sukari kuwa chini wakati huohuo, na nafuu ikipandishwa. Mawili mama mdogo alikwishayapata, bila maabara.

Kongosho lilikuwa na uvimbe uliomwaga insulini na kuishusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Mara nyingi uvimbe huu haufiki sentimita 2 na wala si saratani; ukikatwa, mgonjwa amepona. Tulipanda treni Kigoma hadi Dar es Salaam, lakini walipompasua wakakuta uvimbe wake umeshafika kwenye ini.

Huko ndiko nilikosikia habari za streptozotosini, dawa itokanayo na bakteria wa udongoni, iliyoidhinishwa Marekani 1982. Watafiti huwapa panya ili wapate kisukari, kwa kuwa huua seli zinazotengeneza insulini. Kwa mgonjwa wetu sumu hiyo ndiyo ingekuwa tiba: daktari alisema insulini huweza kupungua na mgonjwa akaacha kuzimia hata kama uvimbe haujanywea sana. Ila hutapisha vibaya na huumiza figo. Na haikuwepo.

Tukarudi. Mama mdogo akawa anamwamsha usiku wa manane anywe uji. Waliosema mapepo wakaanza kumletea masega. Insulini ikiwa tele na mtu anakula usiku na mchana, hunenepa. Wageni wakawa wanampongeza kwa afya njema. Ini ndilo lililomuua, miaka kadhaa baadaye. Mimi nimestaafu bila kuiona chupa ya dawa ile.