Gumba Kwanza, Mjukuu Wangu

Chanika, Handeni

Mjukuu wangu mpendwa,

Mguu wa bibi yako umepungua uvimbe, mahindi tumevuna machache, mbuzi mweupe amezaa mapacha. Nimeshika kalamu kwa neno moja tu. Mjomba wako alipita hapa Jumapili akitokea Korogwe, akaniambia umepokea shilingi 40,000, nusu ya malipo, ili upige Masanga kwenye harusi ya Mombo mwezi ujao. Nikamwuliza mara mbili: Masanga ipi? Akasema hiyohiyo ya Mwenda. Na gitaa umelinunua mwezi wa tatu!

Sikukatazi gitaa. Usiku niliposikia umelinunua sikulala kwa furaha, kwa kuwa tangu babu yako, kaka yangu, hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeshika gitaa kavu. Lakini Masanga si wimbo wa miezi mitatu.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mkusanyaji wa muziki, Hugh Tracey, alimrekodi wimbo huo mwaka 1952 kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Alikuwa na miaka 22 hivi, umri wako, na najua hilo ndilo linalokutia moyo. Sasa msikilize vizuri. Anatumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi za besi kama mtu anayekwenda shamba bila haraka, na shahada inaimba juu yake. Haviendi pamoja: kimoja kinahesabu mbili, kingine tatu. Anayesikia kwa mbali hudhani wako watu wawili. Mwaka 1959 alikuja Nairobi, akapiga redioni, na wapigaji wa kule wakahangaika kumwiga. Mwingereza mmoja, John Low, naye mpigaji, alifunga safari mpaka Lubumbashi kumtafuta Mwenda na wenzake, kisha akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Huyo alikuwa mtu mzima anayelijua gitaa, na bado aliona lazima aende akakae mbele ya vidole vyenyewe.

Nikueleze yaliyonipata mimi. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 19, tunakaa Ngombezi, baba akifanya kazi ya katani. Kambini palikuwa na mzee mmoja wa Kigoma, mkata katani, aliyeijua Masanga. Gitaa lilikuwa la babu yako, galatoni lenye ufa ubavuni. Tukamwomba mzee atufundishe sote wawili. Akachukua singa mbichi za katani, akatufunga kidole cha shahada tusiweze kukitumia, akasema, "Masika yote hii, gumba." Basi. Jioni korona, mashine ya kuchakata katani, ikinyamaza, tunakaa nje tunapiga besi, juu na chini, besi tupu, hakuna wimbo. Tukitembea kwenda kisimani anatuambia tuhesabu gumba kwa hatua za miguu.

Mimi nilivumilia wiki mbili. Nikaifungua singa, nikaanza kuitafuta sauti ya juu mwenyewe, kwa kukumbuka redio. Niliipata upesi kuliko kaka, na nilijisifu. Siku ya Saba Saba nikapiga mbele ya kambi nzima. Watu walicheza, lakini nilipofika pale shahada inapochelewa nalo gumba linapaswa kuendelea, gumba langu likasimama kuisubiri shahada. Wachezaji wakakosa mguu. Nikarudia, likasimama tena palepale.

Kesho yake mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Nipigie polepole." Sikuweza. Nilijua kuipiga kwa haraka tu, kama mtu anayeteremka mlima mbio asiyeweza kujizuia. Mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao, sikupata tena wa kunirekebisha. Leo nina miaka zaidi ya 70, na nikishika gitaa la mtu, gumba langu linasimama palepale. Babu yako alikaa na singa mpaka masika ikaisha, na kiangazi kizima akaipiga polepole mpaka tukamchoka. Mwishoni mwa mwaka alipoipiga, yule mzee wa Kigoma alivua kofia. Hilo niliona kwa macho yangu, na kwa miaka mingi liliniuma.

Gitaa lile lilistahili kuwa mikononi mwako. Baba yako aliliuza mwaka ule wa njaa, na mimi, ndugu wa marehemu niliyelipiga naye, sikuulizwa. Nimesema, yaishe.

Mengine ni madogo. Simu yako inaweza kupunguza kasi ya video hadi nusu, itumie hivyo. Vidole vikitoka damu pumzika siku mbili, usivifunge plasta ukaendelea. Usilifunge gitaa kwenye bodaboda bila boksi, wala usiliache chini ya bati mchana, shingo itapinda. Na kwa ajili ya gitaa usiguse mikopo ya kausha damu, hata kama nyuzi zote zimekatika.

Narudi kwenye harusi. Sihofii aibu, maana watu wa Mombo watasahau baada ya wiki. Nahofia mwezi huu mmoja wa kulazimisha, usiku na mchana, kosa likizoea vidole vyako kama lilivyozoea vyangu. Nyimbo za kodi tatu unaziweza, waambie utawapigia hizo, na Masanga waisubiri. Wakikataa, warudishie pesa zao zote. Kama umeshazitumia nieleze bila kuficha, nitamtoa mmoja wa wale mapacha.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitakuja na basi la asubuhi. Usialike mtu. Nataka kusikia besi peke yake, polepole, tangu mwanzo mpaka mwisho. Singa nitakuja nazo mwenyewe.

Ni mimi babu yako mdogo.